Disney walirudia michoro kwa woga, si kwa uvivu

Juni 2025, Disney na Universal ziliifungulia Midjourney, kampuni ya akili mnemba, kesi katika mahakama ya shirikisho ya Los Angeles, zikidai kwamba programu yake ya kutengeneza picha inazalisha wahusika wao bila ruhusa. Kesi hiyo imeviamsha upya vipande vya video ambavyo vimekuwa vikizunguka kwenye simu kwa miaka mingi. Upande mmoja wa skrini anacheza Snow White wa mwaka 1937. Upande wa pili anacheza Maid Marian, yule mbweha jike wa Robin Hood, katuni ya Disney ya mwaka 1973 ambayo wahusika wake wote ni wanyama. Mikono inapanda pamoja, mwili unageuka pamoja, hatua inaangukia hatua. Halafu linakuja hitimisho ambalo sasa linasemwa kana kwamba halina ubishi: Disney wenyewe walikuwa wavivu, walinakili kazi zao za zamani ili kubana matumizi, kwa hiyo hawana haki ya kulalamika mashine ikifanya leo kile walichokuwa wakikifanya kwa mkono.

Hitimisho hilo limekosea mara mbili. Limekosea kuhusu historia, kwa sababu kurudia michoro kule kulikuwa kazi nzito, mara nyingine nzito kuliko kuchora upya, na kilichokuzaa ni woga wa kisanaa wa studio iliyofiwa na mtu aliyekuwa akiamua kila kitu. Tena limekosea kuhusu leo, kwa sababu anayeichukua historia hiyo kuitetea akili mnemba anaruka sehemu yake pekee inayopaswa kutunyima usingizi: watu ambao mikono na miili yao ilizaa miondoko ile, na majina yao hayakuandikwa.

Tuanze na namna kazi yenyewe ilivyofanyika, maana lawama nyingi zinatoka kwa watu ambao hawajawahi kuifikiria. Filamu hupita mbele ya taa kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde. Mchoraji wa katuni alichora mchoro mmoja kwa kila fremu, au mmoja kwa kila fremu mbili, kwa hiyo dakika moja ya mhusika mmoja ilidai michoro kati ya 720 na 1,440, kabla hujamgusa mwenzake anayecheza naye. Kila karatasi ilikuwa na matundu ya kuibana kwenye vigingi ili isisogee hata unywele mmoja, na ilikuwa na namba yake. Pamoja na karatasi hizo kulikuwa na jedwali lililoonyesha mchoro upi unapigwa picha kwenye fremu ipi. Filamu ikiisha, mafungu hayo yalipelekwa kwenye hifadhi ambayo wafanyakazi wa Disney walizoea kuiita mochari. Huko ndiko michoro ya Snow White ilikokaa zaidi ya miaka 30 kabla ya mtu kuiendea kwa ajili ya mbweha.

Mwongozaji wa Robin Hood alikuwa Wolfgang Reitherman, mmoja wa wachoraji wakongwe ambao Walt Disney mwenyewe aliwapa jina la Wazee Tisa. Katika filamu hiyo kuna ngoma ya usiku msituni Sherwood, watu wakimwimba Prince John, mtawala dhalimu wa hadithi hiyo, kwa kumkejeli, na ngoma hiyo karibu yote imeshonwa kwa viraka. Maid Marian anacheza densi ya Snow White na vile vibete vyake. Little John, ambaye ni dubu, na Lady Kluck, kuku mnene mwenye vituko, wanacheza densi ya dubu Baloo na nyani King Louie kutoka The Jungle Book ya mwaka 1967. Robin na Marian wanaposhikana, wanashikana kama paka wawili wa The Aristocats ya mwaka 1970. Hata sikio linapewa kitu kile kile, kwa kuwa Phil Harris ndiye aliyetoa sauti ya Baloo, ya paka O'Malley na ya Little John. Nje ya Robin Hood mifano haikosekani: mbwa wanaomrukia na kumlamba mvulana wa The Sword in the Stone mwaka 1963 wanageuka kuwa mbwa mwitu wanaomlamba Mowgli, mvulana wa The Jungle Book, miaka minne baadaye, na kulungu anayenyemelewa na Shere Khan, chui milia wa filamu hiyo hiyo, alichorwa kwanza kwa ajili ya Bambi ya mwaka 1942. Mwaka 1991, densi ya mwisho ya Belle na mwana wa mfalme katika Beauty and the Beast ilichukuliwa kutoka Sleeping Beauty ya mwaka 1959.

Hoja ya uvivu ndiyo dhaifu kuliko zote, na inaanguka mara tu unapozitazama hizo densi mbili kwa utulivu, sauti ikiwa imezimwa. Snow White ni binadamu. Marian ana pua ndefu ya mbweha, masikio yaliyosimama na mkia mnene. Mchoraji alilazimika kulitoa fungu la zamani, kuweka karatasi ya kwanza juu ya kioo chenye taa chini yake, kuweka karatasi nyeupe juu yake, kisha kujiuliza upya kila mstari. Kichwa kinapogeuka, uso bapa wa msichana hausemi pua ya mbweha itaelekea wapi wala itaficha jicho lipi. Mkia haukuwepo mwaka 1937, kwa hiyo hakuna wa kumwigilizia. Lazima ubuniwe, na lazima uchelewe kidogo nyuma ya mwili, uyumbe wakati kiuno kimeshatulia, la sivyo utaonekana umebandikwa. Kwa Lady Kluck kazi inazidi: King Louie ni orangutani mwenye mikono inayokaribia kugusa ardhi, naye kuku ana mabawa na gauni pana. Yeyote aliyewahi kumpelekea fundi cherehani gauni la mwenzake amshonee kwa kipimo cha mwili mwingine anajua kwamba sampuli haimpunguzii fundi kukata, kupima wala kushona. Floyd Norman, aliyeajiriwa Disney mwaka 1956 na kufanya kazi chini ya Reitherman, ameeleza kwamba kutafuta michoro ile hifadhini na kuirekebisha kulichukua muda mrefu kuliko kuchora densi mpya. Ushahidi huo unatoka kwa mtu aliyekuwa ndani ya jengo, na sijaona anayeushambulia kwa kitu chenye uzito sawa.

Hoja ya fedha ni nzito zaidi na inastahili kusikilizwa. Studio ilikuwa na shida ya kweli. Sleeping Beauty iligharimu takriban dola milioni 6, nyingi mno kwa wakati ule, na haikurudisha gharama ilipotoka mara ya kwanza. Wafanyakazi wengi wakaachishwa kazi. Kilichoiokoa idara ya katuni ni mashine: Ub Iwerks aliirekebisha teknolojia ya fotokopi ili mistari ya penseli ihamie moja kwa moja kwenye karatasi angavu za plastiki, na filamu ya mbwa madoadoa ya mwaka 1961, One Hundred and One Dalmatians, ikatengenezwa hivyo. Kabla ya hapo kila mchoro ulifuatishwa kwa wino, kwa mkono, na chumba kizima cha wachoraji ambao wengi wao walikuwa wanawake. Kubana matumizi kwenyewe kulikuwa hapo, na ajira zilizopotea ni zao. Ukimtafuta aliyelipia uchumi wa Disney wa miaka ya 60, utamkuta kwenye chumba cha wino, mbali kabisa na zile densi.

Nakubali kwamba yapo marudio yaliyookoa muda kweli. Kulungu anayepita nyuma ya pazia la miti, au ndege wanaoruka kwa sekunde mbili, hawana sababu ya kuchorwa mara mbili. Densi ya Belle nayo iliazimwa kwa sababu tarehe ilikuwa imewafikia. Densi za Robin Hood ni habari nyingine. Pale kilichookolewa hakikuwa kazi ya mkono, kilikuwa kazi ya kuamua. Densi mpya inadai mtu aibuni, ichorwe kwa rasimu, ipigwe picha, itazamwe chumbani na watu wenye macho makali, mara nyingi itupwe, ianzwe tena. Densi ya mwaka 1937 ilikuwa imeshapita mtihani huo, na hadhira ya dunia nzima ilikuwa imeshaipokea. Mwongozaji aliyeichagua alikuwa anajinunulia uhakika, na alikuwa tayari kuulipia kwa saa za wachoraji wake.

Kwa nini uhakika ulikuwa na thamani kubwa kiasi hicho? Walt Disney alifariki tarehe 15 Desemba 1966, The Jungle Book ikiwa bado haijakamilika. Kwa miongo mitatu filamu ndefu za studio hiyo zilipita chini ya jicho lake: yeye ndiye aliyesema tukio hili linabaki, lile linatoka. Alipoondoka, mzigo wa kusema ndiyo na hapana ukamwangukia Reitherman, na ni muhimu tumtazame mtu huyu alivyokuwa kabla ya hapo. Pambano la dinosaria katika Fantasia ya mwaka 1940, lenye misuli na uzito ambao haukuwahi kuonekana kwenye katuni, lilipita mikononi mwake. Nyangumi Monstro wa Pinocchio, anayevuruga bahari nzima akiwafukuza baba na mwana, naye ni wake. Mchoraji wa kazi kama hizo huwezi kumwita mvivu wala mtu asiye na kipaji. Alikuwa jasiri alipokuwa na mtu juu yake wa kumwambia amekosea. Alipokuwa yeye ndiye wa mwisho, akashika kile alichojua kwamba kinafanya kazi. Norman anamweleza hivyo hivyo: mtu aliyependa kucheza salama. Naamini taasisi nyingi zilizopoteza mwanzilishi mwenye nguvu hupita njia hii, na kwamba kumbukumbu ya mwanzilishi hugeuka kuwa kanuni kwa sababu hakuna anayethubutu kuibishia.

Ndiyo maana hoja ninayoiheshimu kuliko zote dhidi ya marudio haikutoka kwa watazamaji, ilitoka ndani. Milt Kahl, naye mmoja wa Wazee Tisa na pengine mwenye mkono mkali kuliko wote, alisema wazi kwamba kuona michoro ya Snow White ndani ya The Rescuers ya mwaka 1977 kulimvunja moyo na kumwaibisha. Kahl hakulalamikia uvivu. Kwake muondoko ulikuwa tabia ya mhusika: namna mtu anavyoinua mkono inakueleza ni nani, anaogopa nini, amelelewa wapi. Ukimpa Marian mikono ya Snow White, umemnyima Marian mikono yake. Nadhani alikuwa sahihi. Itazame tena ile densi na utaona kwamba kwa sekunde hizo chache Marian anaacha kuwa yule mbweha mwenye utani aliyekuwa akicheza mpira wa vinyoya na Lady Kluck. Anakuwa msichana mpole wa mwaka 1937 aliyevishwa manyoya. Lady Kluck anaponea, kwa sababu King Louie na yeye wote ni wahusika wa fujo na vicheko, na fujo inahamishika kwa urahisi.

Kulikuwa na hasara nyingine isiyoonekana kwenye skrini. Katika miaka ya 70 wazee walikuwa wanazeeka na kustaafu, na vijana walikuwa wanaingia. Chuo cha CalArts kilianzisha programu ya kuchora wahusika wa katuni mwaka 1975 ili kuijaza nafasi hiyo. Kijana hujifunza kwa kupewa tatizo ambalo halina jibu hifadhini. Kila densi iliyotolewa mochari ni tatizo moja ambalo kijana hakupewa. Mwaka 1979 Don Bluth aliondoka Disney na kundi la wachoraji wenzake, wakiwa na sababu kadhaa, kubwa kati yake ikiwa imani kwamba ufundi wa zamani unaachwa ufe. Jambo hilo linaniuma zaidi kuliko mtazamaji kuona kitu kimoja mara mbili.

Kuhusu mtazamaji, wapo wanaosema alidanganywa. Siafiki. Kabla ya mikanda ya video, filamu hizi zilikuwa zikirudi kwenye majumba ya sinema baada ya miaka kadhaa: Snow White ilirudishwa mwaka 1967, kisha 1975. Mtoto aliyeingia kuiona Robin Hood mwaka 1973, kama alikuwa amemwona Snow White kabisa, alikuwa na kumbukumbu ya miaka sita nyuma. Hakuna aliyefikiria kwamba siku moja mtu atasimamisha picha sebuleni na kuilinganisha. Siku hiyo ilifika Desemba 1984, Disney walipoanza kuuza mfululizo wa filamu zao kuu za katuni kwa mikanda ya video, na filamu ya kwanza kabisa kwenye mfululizo huo ilikuwa Robin Hood.

Wala kurudia michoro si dhambi kwa asili yake. Osamu Tezuka alipoanza kutengeneza Astro Boy kwa televisheni ya Japani mwaka 1963, asingeweza kutoa kipindi kila wiki bila kuweka akiba ya michoro na kuichota tena na tena. Marekani, studio ya Filmation iliijaza He-Man ya mwaka 1983 miondoko ile ile ya kukimbia na kurusha ngumi, na kwa njia hiyo ikamudu kuendelea kuchorea nyumbani wakati washindani wake wakipeleka kazi nje ya nchi. Hapo kurudia kulilinda ajira. Kwa hiyo swali la kama kitu kimerudiwa halitufikishi mbali. Tunapaswa kujua nani aliamua, kwa sababu gani, na nani alinufaika.

Sasa turudi kwa wale wanaoiita Robin Hood kitangulizi cha akili mnemba. Mchoraji wa mwaka 1973 alijua anachokichukua na alikokitoa. Angeweza kutaja filamu, tukio na namba ya karatasi, na katika jengo lile lile walikuwepo watu walioifanyia kazi filamu ya awali, wa kuwauliza kwa nini mguu ule umechelewa. Aliyechukua alikuwa na ufundi wa kuchora chake na alichagua kutofanya hivyo. Mashine inayotoa picha baada ya kulishwa kazi za mamilioni ya watu haiwezi kukwambia mkono huu umetoka kwa nani, na kampuni inayoiendesha hailazimiki kuwa na mtu hata mmoja anayejua kuchora mkono. Kufanana kwa matokeo kwenye skrini hakufuti tofauti hiyo.

Lakini hoja hii haiwapi Disney usafi wanaoutaka mahakamani, na hapa ndipo ninapoachana na wanaowatetea. Densi ya Snow White haikuanzia kwenye penseli. Kabla ya kuchorwa, msichana wa Los Angeles aliyeitwa Marjorie Belcher, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Marge Champion, alicheza mbele ya kamera kwa malipo ya dola 10 kwa siku ili wachoraji wapate namna mwili unavyogeuka na gauni linavyochelewa nyuma yake. Jina lake halikutajwa kwenye filamu. Aurora na mpenzi wake katika Sleeping Beauty walichezwa kwanza na Helene Stanley na Ed Kemmer, kwa hiyo Belle anapozunguka ukumbini mwaka 1991, mabega yale ni ya Helene Stanley. Grim Natwick, mmoja wa waliomchora Snow White, hayumo kwenye orodha ya wachoraji wa Robin Hood. Kisheria yote hayo yalikuwa mali ya studio, kwa kuwa kazi ya mwajiriwa ni ya mwajiri. Kampuni iliyoitumia haki hiyo kwa miongo kadhaa bila kutaja majina inapata shida inaposimama leo kuzungumza kwa niaba ya wasanii. Inazungumza kwa niaba ya mwenye hati. Ninatamani Midjourney ishindwe, na ninatamani pia ushindi huo usihesabiwe kuwa wa wachoraji mpaka wachoraji wapate kitu ndani yake.

Suala hili limeshafika kwetu. Mwaka 2023 Disney walirusha Kizazi Moto, mkusanyiko wa filamu fupi kumi za waongozaji wa Afrika ulioratibiwa na studio ya Triggerfish ya Cape Town. Ng'endo Mukii wa Kenya na Raymond Malinga wa Uganda wote wamo. Kazi ya aina hiyo haibaki kwenye karatasi za kufungwa kwa mafungu. Muondoko wa mhusika wa kidijitali ni faili, na faili hiyo inaweza kuhamishiwa kwenye mwili wa mhusika mwingine bila mtu kuketi wiki nzima juu ya kioo chenye taa. Ule ugumu ambao Norman anausimulia, uliowalazimisha Disney kufikiri kabla ya kurudia, haupo tena. Kijana wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam anayeanza kuchorea studio za nje anapaswa kusoma kwenye mkataba wake kifungu kinachosema miondoko aliyoibuni itatumika wapi baada ya filamu yake kuisha, kama atalipwa ikitumika tena, kama inaweza kulishwa kwenye mashine, na kama jina lake litaifuata. Kama kifungu hicho hakipo, akidai kabla ya kutia saini, kwa sababu baada ya hapo hana pa kudai.